Wakati wa Kuhama Nyumba Inayoelekea Mnadani

Swali la lini familia ihame kutoka katika nyumba inayodaiwa na benki huchanganywa mara nyingi, na kwa hasara kubwa, na swali jingine lililo tofauti nalo kabisa, yaani lini mwenye nyumba akubali kwamba hataweza kuendelea kuimiliki. Swali la kwanza linahusu mizigo, shule za watoto, kodi ya makazi mapya na siku ya kukabidhi funguo. La pili linahusu hesabu, na hujibiwa kwa kalamu na karatasi kabla hata ya kufikiria lori. Makala haya yanatetea msimamo kwamba, kwa jinsi sheria ilivyo nchini Kenya, na kwa kiasi kikubwa nchini Tanzania pia, uamuzi wa kuachana na nyumba unapaswa kufanywa mapema sana, ndani ya wiki za mwanzo baada ya notisi ya kwanza ya kisheria, ilhali kuondoka kwenyewe kunapaswa kusubiri hadi nyumba iwe imeuzwa au siku ya kuikabidhi iwe imeandikwa na kutiwa saini. Wakopaji wengi hufanya kinyume cha hayo: huchelewa kuamua kwa sababu ya aibu au matumaini, kisha huondoka kwa haraka na usiku, wakiwa wamepoteza nyumba pamoja na thamani iliyokuwa bado imebaki ndani yake.

Msingi wa jambo hili ni maana ya rehani. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012, rehani haihamishi umiliki kutoka kwa mkopaji kwenda kwa benki, bali ni mzigo unaosajiliwa juu ya ardhi ili kuwa dhamana ya deni, na benki hupata mamlaka ya kuuza pale tu masharti ya mkopo yanapovunjwa na taratibu zilizowekwa zikafuatwa. Kwa hiyo mkopaji aliyechelewesha malipo, hata kwa miezi mingi, bado ni mwenye nyumba kamili. Barua kali ya benki haimgeuzi kuwa mpangaji wala mvamizi, na afisa wa mikopo anayemwambia kwa simu kwamba aondoke kufikia mwisho wa mwezi hana mamlaka ya kumtoa. Pamoja na umiliki huo mkopaji anabaki na haki ya kukomboa rehani, yaani haki ya kulipa deni lote na gharama zake na kurudishiwa hatimiliki ikiwa safi, na haki hiyo huendelea kuishi hadi mkataba halali wa mauzo unapofungwa. Katika mnada, mkataba huo hufungwa nyundo ya dalali inapoanguka kwa ajili ya mnunuzi wa bei ya juu. Mahakama za Kenya zimelishikilia jambo hili kwa muda mrefu: baada ya nyundo, fedha zinazoletwa na jamaa zilizokusanywa kwa harambee ya dakika ya mwisho haziwezi tena kuirudisha nyumba.

Kati ya kukosa malipo na kuanguka kwa nyundo kuna kalenda ambayo kila mkopaji anapaswa kuijua kama anavyojua siku ya mshahara. Kwanza, uvunjaji wa masharti lazima uendelee kwa mwezi mmoja ndipo benki iweze kutoa notisi ya kisheria chini ya kifungu cha 90 cha Sheria hiyo ya Ardhi, na notisi hiyo lazima ieleze kosa ni lipi, kiasi kinachotakiwa kulipwa ili kulirekebisha, muda usiopungua miezi mitatu wa kufanya hivyo, pamoja na haki ya mkopaji ya kuiomba mahakama nafuu. Muda huo ukipita bila malipo, benki huweza kuchagua miongoni mwa njia kadhaa, zikiwamo kushtaki, kuteua mpokeaji wa kusimamia mapato ya mali, kuipangisha mali, kuitwaa au kuiuza. Ikiamua kuuza, kifungu cha 96 kinaitaka itoe notisi nyingine, ya kuuza, yenye siku zisizopungua 40, ambayo nakala yake hupelekwa pia kwa mwenzi wa ndoa aliyeridhia rehani, mmiliki mwenza, mpangaji, mdhamini na wengineo wenye maslahi. Baada ya hapo dalali wa mnada, kwa kanuni za madalali za mwaka 1997, humpa mwenye nyumba siku 45 za kukomboa mali yake, na zinapokwisha hutangaza mauzo gazetini, mnada usifanyike kabla ya siku 14 kupita tangu tangazo la kwanza. Hatua hizi zikifuatana moja baada ya nyingine hufikia takriban miezi saba, lakini mkopaji asizijumlishe kama hesabu ya uhakika, kwa kuwa hatakiwi kutegemea kwamba siku 40 na siku 45 hazitaendeshwa kwa pamoja.

Kalenda hii ina tundu moja la kawaida ambalo halina uhusiano wowote na sheria. Notisi nyingi hutumwa kwa posta ya rejesta hadi kwenye sanduku la posta lililoandikwa katika mkataba wa mkopo, na sanduku hilo linaweza kuwa la mwajiri wa zamani, la shule aliyokuwa akifundisha mkopaji, au la shemeji aliyehamia Eldoret. Benki ikithibitisha kwamba ilituma barua kwa anwani iliyokubaliwa, mkopaji atapata shida kubwa kudai kwamba hakuarifiwa. Hivyo hatua ya kwanza kwa yeyote aliyeanza kuyumba katika malipo ni kuiandikia benki anwani yake ya sasa, na kudai nakala ya barua hiyo ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa. Kukataa kusaini notisi inayoletwa mlangoni, au kumwagiza mtoto aseme baba hayupo, hakusimamishi siku hata moja.

Ugumu wa kalenda huonekana vizuri zaidi inaposomwa kinyumenyume, kuanzia siku ya mnada kurudi nyuma. Mauzo ya kawaida ya nyumba nchini Kenya, yaani yale ya hiari kati ya mwenye nyumba na mnunuzi, kwa desturi huanza kwa malipo ya awali ya asilimia 10 na hukamilika baada ya siku 90, muda ambao mawakili hutafuta vyeti vya kodi za kaunti, benki ya mnunuzi hutoa ahadi ya maandishi kwamba italipa, na benki inayodai huiachilia hatimiliki kwa kutegemea ahadi hiyo. Ardhi ikiwa ya kilimo, idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi huongezeka juu yake. Kabla ya yote hayo mnunuzi lazima apatikane, na wanunuzi hawapatikani kwa siku mbili. Mtu anayesubiri barua ya dalali ya siku 45 ndipo aanze kutafuta mnunuzi amekwisha kupungukiwa na muda, isipokuwa benki ikubali kwa maandishi kusimamisha mnada hadi mauzo ya hiari yakamilike. Benki hukubali jambo hilo mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mnada ni ghali na wenye kesi nyingi, lakini hulikubali kwa mkopaji aliyekuja mapema akiwa na ripoti ya mthamini na barua ya mnunuzi, na halipewi uzito linapoombwa na mkopaji asiye na chochote ila ahadi.

Tofauti ya fedha kati ya njia hizo mbili ndiyo hasa inayofanya kuchelewa kuwa na gharama. Ichukuliwe nyumba ambayo bei yake ya soko ni shilingi milioni 10, yenye deni la shilingi milioni 7 linalotozwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, yaani shilingi 87,500 kila mwezi. Mwenye nyumba akiiuza mwenyewe ndani ya miezi mitatu kwa bei ya soko, atalipa deni na riba ya miezi hiyo, shilingi 262,500, na kubaki na zaidi ya milioni 2.7 kabla ya ada za wakili na wakala wa nyumba, kiasi kinachotosha kuanza maisha mapya bila kuomba. Akisubiri mnada wa mwezi wa saba, deni litakuwa limefikia shilingi 7,612,500 bila kuhesabu adhabu, ilhali kifungu cha 97 kinaitaka benki ifanye tathmini ya mauzo ya lazima, yaani bei inayokadiriwa kupatikana pale muuzaji anapolazimika kuuza upesi, na tathmini hiyo kwa kawaida huwa karibu robo tatu ya bei ya soko. Nyumba ikinunuliwa kwa shilingi milioni 7.6, mwenye nyumba hatoki na chochote, na bado anadaiwa salio pamoja na ada za dalali. Sheria humlinda kwa kiasi fulani, maana bei ikiwa chini ya ile ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, benki huchukuliwa kuwa imevunja wajibu wake wa kutafuta bei nzuri kadiri inavyowezekana, hadi ithibitishe vinginevyo. Hata hivyo bei ya mfano huu iko juu kidogo ya mpaka huo, nayo inatosha kumaliza mali ya maisha mazima.

Kwa sababu hiyo, uamuzi wa kubaki au kuuza unapaswa kutegemea maswali mawili yasiyo na hisia ndani yake. La kwanza ni kama kipato kilichopotea kitarudi, na lini, kwa ushahidi gani. Mwalimu aliyecheleweshewa mshahara, mfanyabiashara anayesubiri kulipwa na serikali ya kaunti kwa kazi iliyokwisha kukaguliwa, au mgonjwa anayerudi kazini mwezi ujao, wote wana sababu ya kuomba mkopo upangwe upya, yaani muda wa kulipa urefushwe ili malipo ya kila mwezi yapungue, au ulipaji wa mtaji, yaani fedha zenyewe zilizokopwa, usimamishwe kwa miezi kadhaa ilhali riba inaendelea kulipwa. Aliyeachishwa kazi katika sekta inayosinyaa, au aliyefiwa na mwenzi wake ambaye ndiye aliyekuwa akilipa, hana sababu hiyo, na kupanga upya mkopo wake ni kurefusha maumivu huku riba ikila thamani iliyobaki; ingawa katika hali ya kifo ni lazima kwanza kuchunguza kama mkopo ulikuwa na bima ya maisha, kwa maana mikopo mingi ya nyumba huwa nayo na familia nyingi hazijui. Swali la pili ni kama nyumba bado ina thamani kubwa kuliko deni. Jibu lake linahitaji mthamini aliyesajiliwa. Makadirio ya jirani aliyeuza kiwanja chake zamani hayana kazi hapa. Pale thamani inapozidi deni kwa wazi na kipato hakitarudi, hakuna hoja ya maana ya kungoja.

Ipo hali moja tu ambayo kuhama mapema kabisa, hata kabla ya notisi yoyote, ni busara, nayo ni pale nyumba inapoweza kupangishwa kwa kodi inayokaribia malipo ya mwezi ya mkopo na familia ikaenda kuishi katika makazi ya gharama ndogo zaidi. Aliye na nyumba ya vyumba vinne Kilimani au Nyali anaweza kwa njia hii kuivuka miaka miwili migumu bila kupoteza kitu. Masharti ya rehani kwa kawaida humzuia mkopaji kupangisha kwa zaidi ya mwaka mmoja bila idhini ya maandishi ya benki, na idhini hiyo iombwe kabla mpangaji hajaingia, kwa kuwa mpangaji aliyeingizwa kinyemela huleta ugomvi wa pande tatu. Kodi ielekezwe moja kwa moja katika akaunti ya mkopo. Ikipitia mfukoni mwa mtu mwenye shida, haifiki.

Mbali na hali hiyo, kuondoka mapema ni kosa lenye gharama zinazohesabika. Nyumba isiyo na mtu hupungua thamani kwa kasi: mabomba hupasuka, mita huibwa, madirisha hung'olewa, na mthamini wa benki anayekuja kuikagua huandika alichokiona. Kuondoka hakusimamishi riba, hakufuti kodi ya ardhi ya kaunti, na hakumwondolei mkopaji wajibu wake wa mkataba wa kuitunza mali. Aidha kuna athari ya kodi ambayo watu wachache huikumbuka. Kodi ya faida ya mtaji nchini Kenya, inayotozwa juu ya faida anayoipata muuzaji wa mali, ilipandishwa kutoka asilimia 5 hadi 15 kuanzia Januari 2023, lakini makazi binafsi ambayo mwenyewe ameishi mfululizo kwa miaka mitatu iliyotangulia mauzo husamehewa. Anayehama kisha akauza baada ya miezi kumi huenda akajikuta akibishana na mamlaka ya mapato juu ya msamaha ambao angeupata bila ubishi kama angeuza akiwa bado ndani. Mhasibu au wakili wa kodi aulizwe kabla ya kuhama.

Ushauri mwingi unaosomwa na Waafrika Mashariki kuhusu jambo hili hutoka Marekani, na haufai kuhamishwa jinsi ulivyo. Huko kanuni za shirikisho kwa jumla humzuia msimamizi wa mkopo kuanza hatua za kisheria kabla deni halijapitisha siku 120 za kuchelewa, na katika jimbo la Minnesota, lenye jamii kubwa ya watu kutoka Afrika Mashariki, mwenye nyumba kwa kawaida hupewa miezi sita ya kukomboa mali baada ya mauzo ya sherifu, akiendelea kuishi humo. Kwa Mkenya anayeishi Brooklyn Park, jimboni humo, kwa hiyo, mauzo si mwisho. Kwa ndugu yake wa Nakuru, mauzo ni mwisho kamili. Jambo moja tu linafanana pande zote, nalo ni hasara ya kuhama mapema: huko Minnesota nyumba ikithibitishwa kuwa imetelekezwa, mahakama inaweza kuufupisha muda wa ukombozi hadi wiki tano, maana yake aliyehama mapema hupoteza hata haki aliyokuwa nayo.

Upande wa pili wa kosa ni kukaa kupita kiasi. Baada ya mnada mnunuzi hulipa sehemu ya bei papo hapo na salio katika muda uliowekwa katika masharti ya mnada, kisha mali huandikishwa kwa jina lake, na kuanzia hapo aliyekuwa mwenye nyumba yumo ndani bila ridhaa ya mwenye mali. Sheria ya Ardhi, kwa marekebisho ya mwaka 2016, inamtaka mwenye ardhi ya binafsi atoe notisi ya maandishi isiyopungua miezi mitatu kabla ya kumwondoa aliyemo bila idhini, na maafisa wa utawala na wa polisi wa eneo wapewe taarifa, huku kufukuza kwenyewe kukifanywa kwa kuheshimu utu wa wanaoondolewa. Miezi hiyo mitatu watu wengine huihesabu kama kodi ya bure. Hesabu hiyo ni mbovu, kwa kuwa mnunuzi anaweza kudai mahakamani fidia ya matumizi ya nyumba kwa kila mwezi alionyimwa, pamoja na gharama za kesi, na kwa kuwa anayehamishwa kwa amri ya mahakama hahami kwa siku aliyoichagua yeye. Familia ipange kuwa nje ndani ya mwezi mmoja baada ya mnada uliofanyika kihalali, au mapema zaidi ikiwa mnunuzi yuko tayari kuchangia gharama za kuhama ili apate nyumba ikiwa nzima. Si aibu kumwomba mnunuzi mchango huo, na makubaliano yake yaandikwe.

Kuhusu mahakama, ukweli mchungu unapaswa kusemwa. Zuio, yaani amri ya muda ya kusimamisha mnada, hutolewa kwa vigezo vilivyowekwa katika kesi ya Giella dhidi ya Cassman Brown ya mwaka 1973: mwombaji aonyeshe kwamba ana hoja yenye uwezekano wa kushinda, kwamba atapata madhara yasiyoweza kufidiwa kwa fedha, na mahakama ikiwa na shaka itapima ni upande gani utakaoumia zaidi. Mkopaji ambaye hakupewa notisi, au ambaye rehani yake haikuridhiwa na mwenzi wake, ana hoja ya kweli na aipeleke haraka, kwa kuwa nyundo ikianguka, aliyedhurika na mauzo yenye kasoro kwa kawaida hubakia na dai la fidia dhidi ya benki tu, si dai la kurudishiwa nyumba. Mkopaji ambaye lalamiko lake ni kwamba hesabu ya riba si sahihi hana hoja nzuri ya kusimamisha mnada, kwani ubishi wa kiasi peke yake hautoshi. Bali hesabu hiyo ina thamani katika mazungumzo, hasa kwa sababu kifungu cha 44A cha Sheria ya Mabenki kinazuia riba ya mkopo uliokwisha kuwa mbaya isizidi mtaji uliokuwa ukidaiwa siku ulipoanza kuhesabiwa hivyo. Kesi isiyo na msingi hununua miezi michache kwa fedha ambazo zingelipa kodi ya mwaka mzima, na riba haisimami wakati mawakili wanaahirisha.

Mwenzi wa ndoa si mtazamaji katika suala hili. Rehani ya makazi ya familia ni halali pale tu nyaraka zake zimesainiwa au kuridhiwa na mwenzi anayeishi humo, na Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inamlinda mwenzi asiondolewe katika makazi hayo, isipokuwa katika hali chache ambazo mojawapo ni benki kutumia mamlaka yake ya kuuza. Kumficha mke au mume barua za benki kwa hiyo ni jambo la kijinga kisheria kabla hata halijawa la kijinga katika ndoa, maana yeye ndiye anayeweza kuwa na hoja ambayo mkopaji mwenyewe hana. Hayo yanamhusu pia mzazi aliyetoa hatimiliki ya nyumba yake ya Mwembe Tayari ili mwanawe apate mkopo wa biashara. Mzazi huyo anapaswa kudai taarifa ya akaunti ya mkopo moja kwa moja kutoka benki, asitosheke na maneno ya mwanawe kwamba mambo yako sawa, kwa kuwa muda wa kuokoa thamani ya nyumba unamtoka yeye.

Nchini Tanzania mwendo ni wa haraka zaidi, na hapo ndipo kusitasita kunaumiza. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kama ilivyorekebishwa na sheria ya mikopo ya nyumba ya mwaka 2008, inatoa siku 60 baada ya notisi ya kushindwa kulipa ndipo benki iweze kuuza, na sheria ya madalali inataka tangazo la mnada litolewe angalau siku 14 kabla. Ridhaa ya mwenzi na dhana ya asilimia 25 zipo huko pia. Nyumba nyingi zinazonadiwa Dar es Salaam, Mwanza au Mbeya hazikukopewa zijengwe, bali ziliwekwa rehani kwa mkopo wa biashara, hivyo mwenye nyumba huwa anafikiria kuokoa duka wakati siku za kuokoa nyumba zinakwisha. Kisha kuna kodi: mwenye nyumba za kupangisha Dar es Salaam hudai mara nyingi kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, kwa hiyo chumba na sebule cha shilingi 400,000 kwa mwezi kinahitaji shilingi milioni 2.4 mkononi siku ya kuingia, bila kuhesabu ujira wa dalali wa nyumba za kupanga. Fedha hizo ziwekwe kando tangu siku notisi inapopokelewa. Mkopaji anayetupa kila senti katika malipo madogo ambayo hayatoshi kurekebisha deni, huku akijua mauzo hayaepukiki, hununua wiki mbili za utulivu na kuikosesha familia mahali pa kulala.

Katika kuhama kwenyewe, ni muhimu kujua kilicho cha nani. Rehani imefunga ardhi na kila kilichoshikamanishwa nayo, kama milango, madirisha, makabati ya ukutani, geti, masinki na pampu ya kisima, na kuving'oa vitu hivyo ni kuharibu dhamana, jambo linaloweza kumfikisha mkopaji polisi na ambalo hupunguza bei inayolipa deni lake mwenyewe. Friji, jiko la gesi, vitanda, makochi na televisheni si sehemu ya nyumba, na dalali aliyepewa kazi ya kuuza nyumba hana haki ya kuvichukua kwa rehani hiyo. Watoto wa shule wahamishwe mwisho wa muhula ikiwezekana, na siku ya kukabidhi iliyomo katika mkataba wa mauzo ichaguliwe kwa kuangalia kalenda ya shule, jambo ambalo wanunuzi wengi hawalikatai likiombwa mwanzoni. Mita ya umeme na ya maji zisomwe na kupigwa picha siku ya kuondoka, bili zifungwe kwa jina la anayetoka, na makabidhiano ya funguo yaandikwe, yakiwa na tarehe na saini za pande zote mbili. Mwisho, benki idaiwe taarifa ya mwisho ya hesabu: sheria ya Kenya inaweka mpangilio wa fedha za mauzo, ikianza na kodi na ada za ardhi, rehani zilizotangulia na gharama za mauzo, kisha deni lenyewe, na kilichobaki ni cha aliyekuwa mwenye nyumba. Wapo wasiofuata salio hilo kwa sababu ya uchungu, na likiwapo hubaki mahali lisipostahili.

Aliyepokea notisi ya miezi mitatu, au ya siku 60 kwa upande wa Tanzania, aandike leo juu ya bahasha tarehe aliyoipokea, amtafute mthamini aliyesajiliwa ndani ya wiki hii, na aende benki wiki ijayo akiwa na mwenzi wake, ripoti ya mthamini na pendekezo moja lililoandikwa. Masanduku ayaache darini hadi mkataba wa mauzo utiwe saini.